Muhuri Uliotumwa kwa Posta

Juni 5. Mawingu mazito.
Naibu amenirudishia barua kwa mara ya tatu. Tone la wino lilidondoka pembeni, dogo kama yai la kiwavi. Nimeiandika upya yote.

Juni 6. Mvua.
Mvua za plamu, zile zinyeshazo plamu zikiiva, zimeingia. Mama anasema zimewahi kwa siku nne.

Juni 9. Mvua.
Muda wangu wa majaribio ya ukarani hapa ofisini unaisha Julai 31. Nisipothibitishwa, mama na dada yangu watahamia kwa mjomba, kula mezani kwake na kumshukuru kila mlo. Kwa hiyo nafika kabla ya wote, nasaga wino, napanga brashi, na Mzee Yazawa, Naibu wa Mkuu wa kijiji, akiingia ananikuta nimeshainama.

Sijasahau ya Aprili. Niliandika barua kwa ofisi ya wilaya kwa lugha ya siku hizi, kama tulivyofundishwa shule ya kati. Aliisoma mpaka mwisho, akapitisha mstari mwekundu toka juu hadi chini, akauliza bila kupandisha sauti, "Teizo, hii ni barua au maongezi ya kisimani?" Hanzo wa meza ya kodi alicheka hadi akapaliwa na chai. Tangu siku hiyo sentensi zangu zote zinaishia kwa soro, lile neno la heshima ambalo watu waliacha kulitamka tangu zamani za babu zetu, lakini barua bado hazijaliacha.

Juni 11. Mvua, upepo kidogo.
Leo amekuja Mzee Kyuemon Miyashita wa kitongoji cha juu, mfugaji wa viwavi wa hariri. Alisimama mlangoni huku vazi lake la nyasi likichuruzika maji, akakataa kukaa asiloweshe mkeka.

Habari yake kila mtu anaijua. Mtoto wake ni mmoja tu, Shige. Miaka minne iliyopita Shige alimfuata mchora mabango hadi Yokohama, na mzee kwa hasira akaja ofisini humu akamfuta katika daftari la ukoo. Barua ya kumwarifu binti iliandikwa na karani aliyenitangulia. Tangu hapo kimya. Mama yake amefariki katikati ya kimya hicho.

Sasa mzee anataka kumrudisha. Aliniambia kwa sauti ya chini, huku akimtazama Hanzo kwa jicho la pembeni, kwamba ana kitu tumboni, na daktari amesema labda ataiona miti ikigeuka rangi, labda hataiona. Nyumba ikikosa mrithi itafungwa, na Shige atabaki mtu asiye na kwao mpaka mwisho. Nilimweleza sheria. Mkuu wa nyumba agonge muhuri kwenye ombi, binti naye aje agonge wake, mkuu wa nyumba akiwa hai.

"Basi mwite," alisema. "Na ukimwita, mtilie na maneno yangu. Mimi brashi hainijui."

Niliyaandika kama alivyoyasema, kwenye kipande cha karatasi chakavu, nisije nikasahau. Nayanakili hapa:

"Shige, ni baba. Mvua zimeanza. Viwavi wamekula vizuri mwaka huu, nyumba nzima inanuka majani ya mforosadi. Kile kifuniko cha kisima kilichokuwa kinakubana vidole nimekitupa. Nimechonga kingine, chepesi, unakifungua kwa mkono mmoja. Plamu nimeziangua mwenyewe lakini sijui mama yako alikuwa anatia chumvi kiasi gani. Njoo uniambie. Hasira nilikuwa nayo, sasa nikiitafuta siioni. Huyo mchoraji wako njoo naye, nitamtafutia kibao cha kuchora. Usilete zawadi. Njoo tu."

Habari ya tumbo alinikataza nisiitaje. "Usimtishe," alisema.

Juni 12. Mvua.
Nimekaa na karatasi ile asubuhi nzima. Barua ya ofisi inatoka na bahasha ya ofisi, na kila kitokacho hapa kinapita mbele ya Naibu. Nilijaribu kukiingiza kifuniko cha kisima katika mtindo wa soro. Hakiingii. Kila nilipojaribu niliuona mstari mwekundu ukishuka.

Mwishowe niliandika hivi:

"Kwa taadhima. Kufuatia ombi la mkuu wa nyumba, Miyashita Kyuemon, juu ya jina lako katika daftari la ukoo, waarifiwa kufika mbele ya ofisi hii, muhuri wako ukiwa mkononi, ili taratibu zihusikazo zikamilishwe. Mkuu wa nyumba hana pingamizi. Ni hayo tunayokuarifu, nasi twabaki kwa unyenyekevu."

Naibu aliisoma, akaitikia kwa kichwa mara moja. Hakugusa brashi nyekundu. Naandika kwa aibu: nilifurahi.

Juni 13. Ukungu.
Mzee Kyuemon amekuja kusikia barua yake. Nilimsomea. Alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, na nilipomaliza akasema inasikika vizuri, kama barua ya mtu mwenye hadhi. Hakuwahi kudhani maneno yake yangeweza kuvaa hivyo.

Halafu akauliza, "Na habari ya kisima imo?"

Nikasema imo.

Juni 14. Mvua.
Barua imeondoka na gari la farasi la saa nne.

Juni 15. Mvua kubwa.
Hakuna aliyekuja ofisini kwa sababu ya mvua. Naibu, jambo la nadra, alizungumza. Alikuwa anasafisha brashi zake, akaniuliza kama najua soro lilitoka wapi. Nilimpa jibu la kitabuni: tamko la heshima, humalizia tendo.

Alisema hilo ni jibu la mtihani. Zamani, alisema, kabla halijawa mkia wa sentensi, lilikuwa kazi ya mtu. Maana yake ilikuwa kukaa karibu na bwana, kimya, masikio wazi, ukingoja akuhitaji. Watu wa panga wenyewe, wale samurai, walipata jina lao humo, kwa kuwa waliketi wakingoja. Baadaye neno likachoka kama ngazi inayokanyagwa na kila mtu, likabaki kusema tu "ni" na "nipo", na mwisho likabaki kwenye karatasi peke yake.

"Wanaoliandika leo hawangoji mtu," alisema, kisha akanikumbusha kufunika wino.

Ningeweza kumwambia palepale juu ya maneno ya Mzee Kyuemon. Tulikuwa wawili tu. Nilifunika wino.

Juni 17. Mvua.
Mzee Kyuemon amepita kuuliza. Bado.

Juni 18. Mvua.
Amepita. Bado.

Juni 19. Mvua.
Amepita. Nimemwambia Yokohama ni mbali. Akasema anajua, yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza aende mbali. Hanzo alisema baadaye kwamba mzee anazeeka vibaya, mtu ukimwaga maji usiyazoe. Nilicheka naye. Sijui kwa nini nilicheka.

Juni 21. Jua saa mbili hivi, kisha mvua.
Kijiji kizima kiko mashambani kupandikiza mpunga. Mimi na dada tulimsaidia mama mpaka saa sita. Mgongo unauma.

Juni 24. Mvua.
Imekuja bahasha kutoka Yokohama, ndogo lakini nzito upande mmoja. Mzee alikuwa tayari chini ya upenu wetu. Kwa kuwa imeandikiwa ofisi, Naibu aliifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitu kimefungwa kwa karatasi laini, na barua fupi ya mkono wa kike. Penye soro palikuwa na lile fundo la wino ambalo wanawake huliandika badala yake, limepindwa mara tatu kama uzi. Naibu alisoma kwa sauti:

"Nimepokea agizo la ofisi kwa unyenyekevu mkubwa. Ili nisiusumbue mlango wa watu, naleta muhuri wangu. Ofisi iutumie kwa lolote itakaloona linafaa. Sitadai kitu, wala sitauliza."

Akaifungua karatasi laini. Muhuri wa mti mwepesi, mdogo, ambao mama yake alimchongeshea alipomaliza shule.

Mtu hatumi muhuri wake kwa posta. Mama yangu hulala na wake chini ya mto. Kuupeleka ni kusema: nikateni mahali popote, sitapiga kelele.

Mzee aliuchukua, akaugeuza, akausugua kwa kidole gumba pale wino mwekundu ulipokauka.

"Hataki hata jina," alisema.

Akatuinamia mmoja mmoja, akatoka. Mwavuli wake wa karatasi aliusahau. Nilitakiwa kumkimbilia nao, na njiani nimwambie: hajakataa wito wako, kwa maana hakupewa wito wako. Nilimkimbilia. Nikampa mwavuli. Nikarudi.

Juni 25. Mvua.
Sikulala vizuri.

Juni 26. Mvua.
Nimeisoma nakala ya barua yangu kana kwamba mimi ni Shige. Bahasha ileile ya miaka minne iliyopita. Mwandiko wa namna ileile. "Taratibu zihusikazo." Hata mimi ningetuma muhuri.

Juni 28. Mvua.
Mama ameniuliza naumwa nini. Nikasema tumbo, kisha nikaona haya, kwa sababu kuna mtu ambaye kweli anaumwa tumbo.

Juni 30. Ngurumo.
Siku kama leo mwezi ujao nitakuwa nimebakiza siku moja kujua. Karani akiandika barua ya siri juu ya shauri la ofisi, hilo ni kosa la kufukuzwa. Nimelisoma katika kanuni mara mbili, na mara ya pili nilijikuta nikitamani liwe kweli, nipate kisingizio.

Julai 1. Mvua.
Nimeiandika, nyumbani, kwa kalamu ya kawaida na karatasi ya dada yangu ya shule. Maneno ya mzee yote kama yalivyo. Mwisho nimeongeza yangu: "Baba yako anaumwa sana. Barua ya kwanza niliiandika vibaya. Haya ndiyo aliyoyasema." Jina langu nimeliweka.

Julai 2. Mvua.
Ipo mfukoni.

Julai 3. Mvua.
Ipo mfukoni. Naibu amenisifu mbele ya mkaguzi kwa mwandiko safi.

Julai 4. Mvua.
Nimeituma. Nilimpa utingo wa gari la farasi mkononi, mbele ya posta, nikaondoka mbiombio kama aliyeiba.

Julai 5. Mvua kubwa mno.
Kilima kimeporomoka juu ya reli karibu na daraja la pili. Wanasema mifuko ya barua imelala stesheni.

Julai 6. Mvua.
Mzee Kyuemon hawezi tena kushuka. Alituma jirani kuita karani, na Naibu akanituma mimi.

Alikuwa amelala karibu na trei tupu za viwavi, uso umekuwa wa njano. Alitaka agonge muhuri wake kwenye ombi la kumrudisha Shige. Nilimshika mkono, akagonga, na alama ikatoka imenyooka kuliko nilivyotegemea. Kisha akatoa muhuri wa Shige chini ya godoro. Nilidhani ataniambia niugonge pia. Nilikuwa tayari. Naapa nilikuwa tayari kuugonga na nisimwambie mtu, na shauri lingeisha papo hapo.

"Huu ataugonga mwenyewe," alisema, akiutia mkononi mwangu niutunze. "Nilimfuta yeye hayupo. Sitamrudisha yeye hayupo."

Nilimwambia nimemwandikia tena. Macho yake yalinijia taratibu.

"Habari ya kisima umemwambia?"

"Ndiyo, mzee."

"Mara ya pili hiyo. Atatuona watu wa kurudiarudia." Akacheka kidogo, tumbo likamkatiza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Sikuwahi kupewa pengine pazuri zaidi. Alikuwa anacheka, alikuwa amenishika mkono, angenisamehe. Nilimwekea maji karibu, nikaondoka.

Julai 7. Mvua.
Reli imefunguliwa jioni.

Julai 8. Manyunyu.
Hakuna.

Julai 9. Mvua.
Mzee Kyuemon amefariki alfajiri. Jirani ameleta taarifa ofisini, na kwa kuwa daftari la ukoo liko kwenye meza yangu, mimi ndiye niliyeandika.

Julai 11. Mawingu, joto.
Amefika. Mwanamke mfupi, mikono myekundu ya kufua nguo za watu, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye rangi ya bluu chini ya kucha. Walikuwa wametoka makaburini moja kwa moja, matope hadi magotini. Aliinama, akaomba kuonana na karani anayeitwa Kusama Teizo.

Nikasema ndiye mimi. Alinitazama muda, nadhani alitegemea mtu mzima.

Naibu alimweleza yeye mwenyewe, na kwa upole ambao sikuujua kwake, kwamba ombi lipo, muhuri wa baba upo, lakini ombi la marehemu halipokelewi. Nyumba haina mkuu, wala mrithi daftarini. Itafungwa. Shige alisema ameelewa. Hakulia. Alinyoosha mkono, nikamrudishia muhuri wake.

Kisha akatoa barua zote mbili kifuani, akaziweka mezani kwangu sambamba.

"Hii ya pili ni baba," alisema. "Nilianza kufunga mzigo sijafika mwisho. Stesheni tulikaa siku mbili nje, maana njia nyingine nayo ilikuwa imekatika." Akaigusa ya kwanza. "Na hii nani aliandika?"

"Ni mimi."

"Zote wewe?"

"Zote mimi."

Akaipapasa ile ya kwanza kwa kidole kama mtu anayekagua mshono. "Mwandiko mzuri. Mume wangu anajua herufi ngumu za barua za ofisi, alinisomea mara mbili. Nikamwuliza, baba anasemaje? Akaniambia, baba hayumo humu."

Mumewe alitazama chini. Hanzo alijifanya anahesabu. Nilisema nisamehe, dada. Alisema maneno hayo niende nikamwambie yule aliyeko kaburini kilimani, yeye leo hana nafasi nayo. Alisema bila ukali. Alikuwa amechoka.

Julai 12. Joto, bila mvua.
Naibu aliniita baada ya Hanzo kutoka. Aliuliza kama maneno ya mzee niliyaandika mahali, akataka kuyaona. Nilitoa mfukoni karatasi chakavu ya Juni 11. Aliisoma akiwa amesimama dirishani, akairudia, na mkono wake ulikuwa unapapasa ukingo wa dirisha kana kwamba unatafuta brashi.

Nilisubiri aniambie nifungashe vitu vyangu.

Aliuliza kwa nini sikumletea hii. Nikamwambia niliogopa. Nikamkumbusha maongezi ya kisimani.

"Ile ilikuwa barua ya kodi ya barabara," alisema. "Hii ni ya mtoto wa mtu. Ungeikunja, ukaitia ndani ya ile nyingine. Mimi nina binti kiwanda cha nyuzi za hariri huko Suwa. Unadhani namwandikia soro?" Alikaa. Alionekana mzee ghafla, mzee wa kawaida, mwenye doa la supu kwenye ukosi. "Ningekupa na stempu," alisema.

Miezi mitano nimemwogopa mtu huyu. Sikuwahi kumwuliza neno hata moja ambalo jibu lake sikulijua.

Julai 13. Joto.
Shige na mumewe wanaondoka kesho na gari la saa nne. Sijakwenda kuwaaga.

Julai 14. Jua.
Mvua za plamu zimekwisha. Nyenje wameanza kulia.

Naibu alinituma kitongoji cha juu kuorodhesha mali ya nyumba iliyofungwa. Aliniambia kwanza niandike barua kwa ofisi ya wilaya kuarifu kwamba nyumba ya Miyashita imekoma. Niliiandika kwa mtindo unaotakiwa. Neno lile, soro, nililiandika mara tatu: kukaa karibu, ukingoja. Barua haikurudishwa.

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Trei za viwavi zimepangwa ukutani. Jikoni kulikuwa na mtungi wa plamu, umefunikwa kwa kitambaa na jiwe juu yake, na chumvi ilikuwa imeshaanza kutoa maji. Aliitia Shige, kwa kiasi cha mama yake. Mtungi umebaki, nyumba si yake. Nimeuandika: mtungi, mmoja.

Juu ya mlango kulikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka sawasawa. Miyashita Kyuemon, kwa herufi nene za mchora mabango. Hicho sikukiandika.

Halafu nilikwenda kisimani. Kifuniko ni cha mti mweupe, kimepigwa randa pembeni pasibane vidole. Nilikifungua. Kinafunguka kwa mkono mmoja, kama alivyosema.

Kamba ya ndoo ilikuwa bado imelowa, kuna aliyeteka maji asubuhi.